ANAYELIA TUMBO ASIAMBIWE ANAJIFANYA

Mtu akijikata kwa jembe, damu hutoka, kisha huganda. Kuganda huko ni kuzuri. Kunazuia damu isitoke yote. Lakini damu ikiganda ndani ya mshipa, hilo ni jambo la hatari.

Jambo hilo linaweza kumpata mtu aliyeugua korona. Ugonjwa huu uliingia Tanzania mwezi Machi 2020. Watu wengi waliufahamu kuwa ni ugonjwa wa kikohozi na mapafu. Lakini virusi vyake huweza kudhuru pia utando laini ulio ndani ya mishipa ya damu. Tena mgonjwa hulala kutwa, na pengine hanywi maji ya kutosha. Basi damu yake huwa rahisi kuganda. Mara nyingi bonge la damu huziba mshipa wa mguu au wa mapafu. Mara chache sana huziba mshipa wa utumbo.

Fikiri juu ya mfereji wa shamba la mpunga. Mfereji ukizibwa na tope, mpunga ulio mbele ya tope hukauka, hata kama mto umejaa maji. Utumbo nao ni hivyo hivyo. Usipopata damu huanza kufa, pengine kwa saa chache tu.

Maumivu yake ni makali mno. Mgonjwa analia, anajipinda, hapati pa kulala. Lakini mwanzoni, ukimbonyeza tumbo, mara nyingi ni laini. Halijavimba wala halijakaza. Hapo ndipo watu husema, "Huyu anajifanya." Wengine husema amerogwa. Wengine humpa dawa ya kuharisha, au humkanda tumbo kwa nguvu. Yote hayo ni mabaya. Lakini mimi naona neno "anajifanya" ni baya zaidi, kwa sababu likishasemwa, hakuna anayekwenda kutafuta gari. Tumbo likija kuvimba na kukaza, huenda sehemu ya utumbo imekwisha kufa. Wengine hutapika, au huharisha damu. Usingoje kuiona damu.

Ugonjwa huu ni wa nadra. Aliyepona korona asiishi kwa hofu. Matumbo mengi huuma kwa minyoo, vidonda vya tumbo au chakula kibovu. Hata hivyo, maumivu makali ya ghafla yasiyopungua hayangojwi nyumbani. Yanaweza kuwa kidole tumbo, au mimba iliyotunga nje ya kizazi. Hayo nayo yanataka hospitali upesi.

Zahanati haina vyombo vya kuuona ugonjwa huu. Kwa hiyo mganga wa zahanati asisite kuandika barua ya kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa. Huko hupigwa picha ya mishipa ya tumbo. Hupewa dawa ya heparini ili damu isizidi kuganda. Utumbo uliokufa huondolewa kwa upasuaji.

Mkifika huko, msiseme "tumbo linamuuma" tu. Semeni lilianza lini. Semeni kama aliugua korona, au homa na kikohozi, katika wiki chache zilizopita. Semeni kama amejifungua karibuni, au kama damu iliwahi kumganda mguuni. Mgonjwa mwenyewe huenda hawezi kuzungumza kwa maumivu. Asindikizwe na mtu anayezijua habari zake.