Fuvu la fedha la Mexico: Ni mali ya nani, na nani anafaidika nalo?

Pete ya fuvu la kichwa iliyotengenezwa kwa madini ya fedha, lenye maua yaliyonakshiwa kuzunguka matundu ya macho na meno yanayocheka, imekuwa bidhaa ya dunia nzima. Inauzwa kwenye maduka ya watalii, kwenye maonyesho ya mitindo na zaidi ya yote mtandaoni. Wanunuzi wengi wanajua kwamba mtindo huo unatoka Mexico. Kisichojulikana sana ni kwamba mwaka 2025 umekuwa mgumu kwa masonara wa huko, na sheria iliyotungwa kulinda kazi za mikono za Mexico haiwasaidii sana hawa wa mafuvu.

Tuanze na bei. Oktoba 2025 fedha ilivuka dola 50 kwa aunsi na kuipita rekodi iliyowekwa Januari 1980. Mwanzoni mwa 2025 ilikuwa karibu dola 30. Mwekezaji anafurahi, lakini sonara anapiga hesabu nyingine. Chukua pete nzito ya gramu 20 ya kiwango cha 925, yaani sehemu 925 za fedha katika kila 1,000, huku zilizobaki kwa kawaida zikiwa shaba. Januari madini yake pekee yaligharimu kama dola 18. Kwa bei ya Oktoba ni karibu dola 30, kabla hajawasha moto. Sisi Waswahili tumeyaita madini haya na pesa kwa jina moja, fedha, na asiye na hiyo ya pili hawezi kuinunua ya kwanza.

Mtu anaweza kuuliza: si Mexico ndiyo inayoongoza duniani kwa kuchimba fedha? Ndiyo. Lakini madini huuzwa kwa bei ya soko la dunia, hata kwa fundi anayeishi karibu na mgodi. Mji wa Taxco katika jimbo la Guerrero unalionyesha hilo vizuri. Sifa yake ya leo ilianza mwaka 1931, Mmarekani William Spratling alipofungua karakana na kuwafundisha vijana ambao baadaye walifungua za kwao. Wachimbaji wa mgodi wa Taxco waligoma mwaka 2007, na mgomo huo ukaendelea miaka mingi. Mji unaojulikana kwa fedha ukawa unainunua kutoka kwingine.

Pigo la pili lilikuja kwa njia ya posta. Agosti 29, 2025 Marekani ilifuta msamaha wa ushuru kwa vifurushi vyenye thamani isiyozidi dola 800, na siku chache kabla ya hapo shirika la posta la Mexico likatangaza kusitisha kwa muda kupeleka vifurushi nchini humo. Sonara mdogo anayeuza pete moja moja kwa wateja wa California au Texas alikuwa akiutegemea mlango huo. Hata hivyo, tusiseme kwamba hatua hiyo imemwumiza yeye peke yake. Vifurushi kutoka China, vikiwemo vya mafuvu ya bei rahisi, vilikuwa vimeupoteza msamaha huo tangu Mei.

Hapo ndipo linapokuja suala la umiliki. Januari 2022 Mexico ilianza kutumia sheria ya shirikisho inayolinda urithi wa kitamaduni wa jamii za wenyeji wa asili na za Wamexico wenye asili ya Afrika. Inazitambua jamii hizo kuwa wamiliki wa pamoja wa sanaa zao, inadai ridhaa yao kabla ya mtu mwingine kuzitumia kibiashara, na inaweka adhabu za faini na hata kifungo. Agosti 2025 kampuni ya Adidas ililazimika kuomba radhi kutokana na kiatu kilichofanana na viatu vya asili vya mji wa Yalálag, Oaxaca. Mwakilishi wake alikwenda mpaka mjini hapo kulisema hilo mbele ya wakazi.

Kiatu kile kina mji wake na wazee wa kuulizwa. Fuvu halina. Ni kweli kwamba Wameksika wa kale walipanga mafuvu ya vichwa hekaluni, na mabaki ya ujenzi huo yalifukuliwa katikati ya Mexico City mwaka 2015. Lakini fuvu linalocheka la kwenye pete linamdai zaidi mchoraji José Guadalupe Posada, aliyefariki akiwa maskini mwaka 1913. Fuvu lake mashuhuri, mwanamke aliyevaa kofia kubwa ya Kifaransa, lilikuwa kejeli kwa watu wenye damu ya wenyeji waliojifanya Wazungu. Mwaka 1947 Diego Rivera alimvisha mwanamke huyo gauni kamili kwenye mchoro wake mkubwa wa ukutani. Sasa wageni ndio wanaoiga sanamu iliyochorwa kuwacheka waigaji wa wageni. Hakimiliki ya Posada ilikwisha zamani, kwa hiyo yeyote anaweza kuichapa.

Maua kwenye paji la uso nayo yanatoka mahali pengine: mafuvu ya sukari yanayowekwa kwenye meza za kuwakumbuka marehemu Novemba 1 na 2. Hutengenezwa na familia nyingi katika miji mingi, na mara nyingi huandikwa jina la rafiki aliye hai, kwa utani. Nani angetoa ridhaa kwa niaba ya wote hao? Mwaka 2013 kampuni ya Disney iliomba kusajili jina la Siku ya Wafu kama alama ya biashara nchini Marekani, ikarudi nyuma baada ya hasira ya umma. Kilichoizuia ni aibu, na aibu haifanyi kazi kwa kiwanda kisicho na jina.

Kwa maoni yetu, kinachoweza kulindwa hapa ni ukweli kuhusu mkono uliofanya kazi. Kalibu moja ya mpira iliyochukuliwa kwenye pete ya fundi inatosha kutoa nakala kwa mamia. Mexico imewahi kuwa na mfumo wa chapa: kwanza ya tai, mwishoni mwa miaka ya 1940, kisha ya herufi na namba, ambapo T ya mwanzo inamaanisha Taxco. Namba 925 peke yake inaweza kugongwa na yeyote mwenye nyundo, hata juu ya aloi ya shaba, nikeli na zinki isiyo na fedha ndani yake. Chapa ya fundi inayokaguliwa kweli ingemfaa sonara kuliko barua kali kwa kampuni za mitindo, ingawa barua ndizo zinazoingia magazetini.

Mtihani hauko mbali. Kombe la Dunia la 2026 limepangwa kufunguliwa Mexico City Juni 11, mwendo wa takriban saa tatu kwa barabara kutoka Taxco, na watalii watataka zawadi za kurudi nazo nyumbani. Masonara wanaotaka kuwauzia wanapaswa kununua fedha mapema, kwa bei ya sasa.