Kadinali Njue: Miaka ya Mlimani Iandikwe

Mwaka 2025, Papa Francis alipofariki, jina la Kadinali John Njue lilirudi vinywani kwa sababu ya umri wake tu, kwani umri ndio huamua kadinali yupi anaweza kumchagua papa. Kumbukumbu za Vatikani zilikuwa zimeuhamisha mwaka wake wa kuzaliwa kutoka 1944 hadi 1946, na ghafla kila kijiwe kikawa na mtaalamu wa sheria za kanisa. Mwishowe hakushiriki kumchagua papa mpya.

Kukumbukwa kwa hilo tu ni haba kwa mtu wa kimo chake. Njue, mzaliwa wa Embu, alipadirishwa na Papa Paulo wa Sita mwaka 1973, akawa askofu wa kwanza wa Embu mwaka 1986. Mwaka 2002 alipelekwa Nyeri kuwa askofu mkuu mwandamizi, yaani mrithi mtarajiwa wa Nicodemus Kirima. Askofu Luigi Locati alipouawa Isiolo mwaka 2005, ni Njue aliyekabidhiwa jimbo hilo lenye majeraha. Kiti cha Nyeri hakukikalia: Oktoba 2007 aliitwa Nairobi, na Novemba akavikwa ukadinali. Kirima alifariki mwezi huohuo.

Wengi humkumbuka kwa kampeni yake dhidi ya katiba ya 2010, ambayo wananchi waliipitisha. Wana haki ya kumpinga kwa hilo. Lakini miaka yake ya Mlima Kenya nayo iandikwe: majimbo ya Nyeri, Embu na Isiolo yafungue makabati yao na kuwahoji makatekista wazee sasa, wakiwa bado wanakumbuka.