Wa kompyuta, sera ya nini?

Jamaa zangu wa kompyuta wananishangaa eti nimechukua na kozi ya sera. "Utashusha GPA bure!" Haya, tuongee.

Tozo ya miamala ya simu ilianza 15 Julai 2021, shilingi 10 hadi 10,000 kutegemea kiasi. Kwetu Mbagala mama ntilie wakarudi kufunga keshi kwenye pindo la khanga. Kelele zikapigwa, Septemba ikapunguzwa asilimia 30. Sasa niambieni, hapo mtambo uliharibika? Wala! Ulikata kama ulivyoagizwa. Aliyesahaulika ni yule anayetuma kidogo kidogo kila siku, na huyo mtu wa kompyuta anamuona kwenye data mapema kabisa. Ila lazima awepo mezani, na ajue muswada unapitaje Dodoma.

Mie naendelea nayo. GPA tutaonana mbele ya safari.