Ritifaa ya Bwana Lang'at

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya kidogo lakini sikulala. Nilikuwa hapa Kiplombe napigana na alama ndogo kuliko punje ya wimbi.

Kisa ni hiki. Nilitengeneza programu ya simu ya kuwatumia wakulima SMS za malipo ya maziwa. Karani anatafuta "Lang'at", programu inajibu hayupo. Na mzee mwenyewe amesimama mlangoni na mtungi wake! Kumbe jina liliandikwa kwenye iPhone, na tangu iOS 11 ya mwaka 2017 simu hizo hupenda kuipinda ritifaa. Kwa macho ni ile ile. Kwa kompyuta, iliyonyooka ni U+0027 na iliyopinda ni U+2019, mbingu na ardhi.

Halafu kuna pesa. SMS hubeba baiti 140. Alfabeti ya GSM hutumia biti 7 kwa herufi, ndiyo maana tunapata herufi 160. Ritifaa iliyopinda haimo humo, basi ujumbe mzima unahamia UCS-2, biti 16 kwa herufi, na nafasi zinashuka hadi 70. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa SMS moja sasa ni tatu. Kwa sababu ya ritifaa moja, jamani!

Wenzangu wengi wakifika hapa hufuta ritifaa, mtu anakuwa "Langat" apende asipende. Mimi nakataa. Ng'oa si ngoa, na jina si mali ya mwandishi wa programu. Hifadhi jina kama mwenyewe alivyoliandika, kisha weka safu ya pili ya kutafutia: humo U+2018, U+2019 na U+02BC zote zigeuzwe U+0027. Usidhani NFC itakuokoa, haigusi ritifaa. Itakusaidia kwa ũ na ĩ za Wakikuyu na Wakamba, maana ũ yaweza kuwa U+0169 moja, au u ikifuatwa na U+0303.

Wakati wa kutuma SMS, nyoosha ritifaa kwenye ujumbe unaotoka tu. Ila ũ na ĩ hazina dawa hiyo, hazimo katika alfabeti ya GSM (ù na ì za Waitaliano zimo, sisi tulisahaulika). Kwa majina hayo nimeamua kufupisha maneno yangu mwenyewe yaenee herufi 70, jina la mtu nisiliguse.