"Kwani Anasomea Nini Hasa?" Acheni Kuwatisha Mabinti



Kuna swali linaloulizwa kila posa inapoletwa, nami nimelichoka: "Kwani huyu binti anasomea nini hasa?" Akijibu ualimu, wazee wanaridhika. Akijibu uuguzi, wanamshukuru Mungu. Akijibu kwamba amesoma elimu ya jamii, akaongeza kompyuta, na sasa anataka shahada ya juu ya kubuni teknolojia inayoanzia kwa mtumiaji, sebule nzima inanyamaza. Baadaye shangazi anamvuta pembeni: "Mwanangu, shika moja. Mshika mbili moja humponyoka."

Ushauri huo ni mbaya, na sisi wanawake ndio tunaoutoa kwa moyo mmoja.

Njooni huku kwetu Kipili, wilayani Nkasi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Usiku wa giza wavuvi wanawasha taa ziwani kuwavuta dagaa. Asubuhi kazi inahamia kwa wanawake: kununua, kuanika kwenye mchanga au kwenye chanja, kugeuza, kukimbizana na mvua. Sasa mletee mama huyo programu ya simu ya kumwonyesha bei za sokoni, iliyotengenezwa na fundi hodari wa kompyuta ambaye hajawahi kukanyaga mchanga huu. Inataka simu janja, naye ana kitochi. Inataka vidole vikavu, na vyake vimejaa magamba. Inamtaka ajisajili kwa jina lake, na laini ni ya mumewe. Fundi hakukosea hesabu hata moja, lakini kazi yake haimfai mtu. Alikosekana anayejua kompyuta na pia anajua kuketi na mwanika dagaa, akamsikiliza, akaelewa ni nani nyumbani anayeshika simu na nani anayeshika pesa.

Huyo ndiye binti mnayemwambia ashike moja.

Tazameni M-Pesa. Ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, nia ilikuwa kuwasaidia watu kurejesha mikopo midogo. Watumiaji wakaigeuza wenyewe, wakawa wanatumiana pesa. Walioiendesha walipata akili ya kutazama watu wanafanya nini nayo, na ilipozinduliwa rasmi mwaka 2007 kazi yake kubwa ikawa kutuma pesa nyumbani. Leo harusi zetu zinachangiwa kwa simu. Msingi wake ni kumwangalia binadamu kwanza.

Mtazameni Shikoh Gitau, Mkenya aliyesomea udaktari wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Alikwenda kwa wanawake wa Khayelitsha waliokuwa wakianza kutumia intaneti kwa simu tu. Yeye na wenzake walionyesha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, jinsi huduma nyingi zilivyobuniwa kana kwamba kila mtu ana kompyuta mahali fulani. Jambo hilo hulioni ukijifungia maabara. Na hapa nyumbani, Dkt. Neema Mduma wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, ametumia kompyuta kutambua wanafunzi walio hatarini kuacha shule. Hiyo ni elimu, ni jamii, ni hesabu. Mtamwambia ashike ipi?

Wanaosema mchanganyiko si mwendo wa mwanamke wa Kiislamu wamkumbuke Mama wa Waumini, Bi Aisha (r.a.). Imepokewa kwamba mpwa wake, Urwa bin Zubeir, alistaajabia ujuzi wake wa fikhi, wa mashairi na wa tiba. Elimu tatu katika kichwa kimoja, na masahaba wakienda kumuuliza.

Najua mtasema ajira. Ni kweli, tangazo la kazi lenye jina la fani hii ni adimu, na njia yake ni ndefu kuliko ya cheti cha ualimu. Binti anayeichagua aijue mapema, ashike pia ujuzi unaoweza kumlipa njiani: takwimu, uchoraji wa kompyuta, kufundisha. Lakini ugumu wa njia ni sababu ya kumsaidia anayepita, wala si sababu ya kumvunja moyo. Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi za kidato cha tano na sita hadi 65. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kina kampasi Rukwa, mkoani kwetu. Milango inafunguliwa, na sisi tumesimama kizingitini tukiuliza ataolewa na nani.

Kwa hiyo nasema na makundi matatu.

Bibi harusi mtarajiwa: zungumza habari ya masomo kabla ya nikaha, mbele ya walii wako, si baada ya fungate. Muulize sheikh namna ya kuliweka jambo hilo kwenye makubaliano lisije likabaki ahadi ya mdomo. Mahari ni haki yako. Ukitaka kompyuta mpakato, itaje, usione haya.

Mama na mashangazi: mkiulizwa "anasomea nini hasa?", jibuni kwa sauti: "Anasomea kuwatengenezea watu vitu vinavyowafaa." Hayo ni maelezo ya kutosha kwa mkwe yeyote.

Na nyinyi wahadhiri mnaomrudisha binti kwa sababu shahada yake ya kwanza "haiendani" na idara yenu: mwulizeni kwanza anataka kutatua nini. Anayetoka kwenye mchanga wa dagaa ana swali ambalo vitabu vyenu havijalijibu.

Mikono ya mwanika dagaa inashika zaidi ya viwili kila asubuhi, na hakuna kinachomponyoka. Allah awafungulie mabinti zetu, awape waume wanaofurahia elimu yao. Amin.