Likizo kubwa: safari ya kwa bibi inapita kati ya parke mbili

Shule zimefunga, watoto wamerudi na karatasi zao za matokeo, na kwa miezi miwili tutakuwa nao mikononi kutoka asubuhi mpaka usiku. Katika mkutano wa juma lililopita mama mmoja wa kikundi chetu alituletea swali la mtoto wake. Mtoto aliona kwenye televisheni familia ya huko Ulaya inajaza mizigo ndani ya gari na kutembea mwezi mzima, kutoka parke moja mpaka nyingine, baba anaendesha, mama anawaonyesha watoto simba na twiga. Akauliza: "Mama, na sisi likizo hii tutaenda parke gani?" Tulicheka kwanza. Kisha tukanyamaza, kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu tayari.

Jibu lipo. Mpeleke mtoto pale ng'ambo, kwenye mitumbwi ya kuvuka kwenda Alunguli. Msimamishe atazame kule maji ya Lualaba yanakoelekea. Mkono wake wa kushoto, mbali ndani ya pori, iko Parke ya Taifa ya Lomami. Mkono wake wa kuume, ng'ambo ya Alunguli na mbele kabisa upande wa Lubutu, iko Parke ya Taifa ya Maiko. Maiko iliundwa mwaka 1970, na eneo lake linapita kilomita za mraba 10,000. Lomami ni mdogo wake: ilitangazwa mwaka 2016, nayo inakaribia kilomita za mraba 9,000. Kwa hiyo mtoto wa Kindu amezaliwa kati ya parke mbili. Shida ni kwamba hakuna aliyemwambia.

Tuseme ukweli. Hizi si parke za kupita na gari huku unapiga picha dirishani. Kufika Lomami ni pikipiki, mtumbwi na miguu, siku nyingi, na ruhusa ya ICCN mkononi. Maiko ni ngumu zaidi. Tangu uasi wa Simba wa mwaka 1964 watu wenye silaha wamekuwa wakijificha katika pori lile. Kule Kahuzi-Biega, ambako wageni walizoea kwenda kuwatazama gorila, vita imefunga njia. Simwambii mama yeyote apeleke mtoto wa miaka sita huko. Lakini wengi wetu tutasafiri hata hivyo. Tunaenda kwa bibi Ubundu, kwa shangazi Kisangani, kwa wakwe Punia au Kailo. Anayeshuka mto kwenda Ubundu anasafiri karibu kilomita 300, pori la Lomami likiwa upande mmoja na pori la Maiko upande mwingine. Hiyo ndiyo safari yetu ya parke. Tunailipia kila mwaka, tunalala njia nzima, halafu tunafika bila kumwonyesha mtoto kitu.

Basi mwonyeshe nini? Anza na mto wenyewe. Bonobo hapatikani nchi nyingine yoyote duniani isipokuwa Kongo yetu, naye anaishi ng'ambo ya kushoto tu ya mto mkubwa. Gorila wa mashariki ya Kongo anaishi ng'ambo ya kuume tu. Sokomutu naye, ndugu wa karibu wa bonobo, kule kaskazini tunakoelekea yuko upande wa kuume. Hawajui kuogelea. Wataalamu wanasema maji haya ndiyo yaliyowatenganisha bonobo na sokomutu, zaidi ya miaka milioni moja iliyopita. Maji tunayofulia nguo, ndiyo yaliyofanya jamii mbili za wanyama. Mtoto akisikia hayo akiwa juu ya mtumbwi, hatayasahau.

Kisha mwambie habari ya lesula. Mwaka 2007 watafiti waliokuwa wanatembea katika pori la kati ya Tshuapa, Lomami na Lualaba walifika Opala. Kwa mkurugenzi wa shule ya msingi walikuta tumbili ambaye binti wa nyumba alikuwa anamfuga. Uso mrefu wa rangi hafifu, macho makubwa yanayokutazama kama ya mtu. Watafiti hawakumjua, katika vitabu vyao hakuwamo. Walimfuata porini miaka mitano, na mwaka 2012 wakamtangaza kwa dunia nzima kama aina mpya ya tumbili. Mpya kwao! Wawindaji wa kule walikuwa wanamwita lesula siku zote, na jina hilo ndilo lililobaki. Mwambie mtoto wako: elimu ya dunia ilijifunza kitu hiki kutoka kwa watu wa pori letu, na aliyekuwa anamlisha yule tumbili alikuwa msichana mdogo.

Parke ya Lomami ilikuja baada ya hayo, na haikuja kwa karatasi ya Kinshasa peke yake. Kulikuwa na mikutano ya miaka mingi na vijiji, juu ya mipaka na juu ya uwindaji, na katika vijiji vingine wazee walifanya tambiko ili kuwaambia mababu. Ukimkuta mzee aliyekuwapo, mwombe awasimulie watoto jioni moja.

Sasa tuje kwenye jambo zito, ambalo kila mama anayesafiri analijua. Ni nyama ya pori.

Mnafika kijijini, mama mkwe amefurahi, anapika kile alichonacho. Siku ya kurudi anafunga kifurushi cha nyama iliyokaushwa kwa moshi, wakati mwingine ya tumbili. Wengine wetu tunanunua zaidi njiani, tukifika Kindu tunauza, na faida inarudisha pesa ya safari au inaanza karo ya mwezi wa tisa. Siandiki haya kwa kumhukumu mtu. Ninajua bei ya samaki sokoni, na ninajua mama anayelea watoto sita hana nafasi ya kuchagua sana. Lakini yapo mambo matatu ambayo ni lazima tuambiane wenyewe kwa wenyewe, kabla hatujaambiwa na polisi au na daktari.

La kwanza ni sheria. Okapi, gorila, bonobo, sokomutu, tembo na tausi wa Kongo wanalindwa kabisa. Ndani ya parke hakuna mnyama anayewindwa, hata mdogo. Sheria ya uhifadhi wa mazingira ya mwaka 2014 ina faini na kifungo, na anayekamatwa na kifurushi ni yule anayekibeba, yaani mama kwenye mtumbwi. Mwindaji mwenyewe amebaki kijijini.

La pili ni ugonjwa. Mtu wa kwanza aliyejulikana duniani kuugua mpox alikuwa mtoto wa miezi 9, huko Basankusu katika Ekwateri, mwaka 1970. Virusi hivyo hukaa kwa wanyama wa pori, hasa wadogo kama panya na kuchakulo. Usiruhusu mtoto aguse mnyama aliyekutwa amekufa, wala kuchezea nyama mbichi. Anayeipasua anawe mikono kwa sabuni, na nyama ipikwe mpaka iive kabisa. Mtoto akitoka na homa na vipele, mpeleke kituo cha afya siku ileile.

La tatu linatuhusu sisi kama wamama. Bonobo jike anazaa mtoto mmoja, naye humnyonyesha na kumbeba miaka mingi; kabla hajazaa mwingine inaweza kupita miaka minne au mitano. Kwa bonobo, wamama ndio wenye nguvu. Dume akileta fujo, majike husimama pamoja dhidi yake, nasi wa vikundi vya wamama tunaelewa hilo bila mwalimu. Mwindaji akimwua mama, mtoto hubaki ameshikilia maiti, na huyo ndiye wanayemuuza njiani akiwa amefungwa kamba. Karibu na Kinshasa kuna mahali panapoitwa Lola ya Bonobo, palipoanzishwa na Claudine André mwaka 1994. Wanaowalea yatima hao ni wanawake wa Kongo. Wanawapa maziwa kwa chupa, wanawabeba, wanakaa nao mchana kutwa, kwa sababu bonobo mchanga asiyeshikwa na mtu hufa kwa huzuni hata kama ameshiba. Kwa hiyo mtoto wako akilia umnunulie tumbili au sokomutu mdogo njiani, usimnunulie. Mweleze huyo mdogo alitoka wapi.

Utasema: na mama mkwe je? Nitamkataliaje chakula chake? Usimkatalie. Mtangulie. Wiki mbili kabla ya safari mtumie habari kwamba watoto wanatamani samaki wa kwake, au viwavi kama msimu wake umefika. Uje na mchele wa Maniema, chumvi, sabuni na mafuta, umpe siku ya kwanza na si siku ya kuondoka. Na kama unatafuta bidhaa ya kurudi nayo ili ufidie nauli, samaki mkavu, mafuta ya mawese na viwavi vina wateja Kindu, na hakuna atakayekusimamisha bandarini kwa ajili yake.

Maandalizi mengine ni haya.

Pesa. Safari ya familia haiendi na pesa ya siku moja. Wenye likelemba, ombeni zamu yenu iangukie mwezi huu; mkibadilishana kwa roho safi hakuna anayepoteza. Gawa pesa katika mafungu matatu: ya kwenda, ya kukaa, ya kurudi. Fungu la kurudi lishonee ndani ya kitambaa na usiliguse hata ukiona kitenge kizuri namna gani.

Makaratasi. Kadi yako ya mpiga kura, na cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto au karatasi ya shule yake. Mkisafiri bila baba wa watoto, beba barua yake fupi. Inakuokoa na maneno mengi njiani.

Mto. Usipande boti iliyojaa kupita kiasi, wala inayosafiri usiku, hata kama mwenye boti anasema ni ya mwisho. Ya kesho ipo. Uliza jile za kuokoa kabla ya kulipa, na kaa karibu na wadogo. Kutoka Ubundu boti haiendelei, kwa sababu maporomoko ya Boyoma yanakata mto. Ndiyo maana wakoloni walijenga reli ya kilomita 125 mpaka Kisangani, iliyomalizika mwaka 1906. Siku ambazo treni hakuna, ni pikipiki: mtoto mmoja katikati ya wakubwa wawili, si watatu.

Afya. Chandarua cha kila kitanda, maji yaliyochemshwa ndani ya bidoni iliyofungwa, chumvi na sukari za kutengeneza maji ya kuhara, na dawa ambazo mtoto anakunywa kila siku ziwe kwako, si ndani ya mzigo wa chini.

Daftari. Hili ndilo ninalowaomba zaidi. Kila mtoto anayejua kuandika apewe daftari moja na kalamu. Kazi yake ni kumuuliza bibi majina ya wanyama, ndege na miti katika lugha ya kwao, iwe Kilega, Kikusu, Kisongola, Kikumu au Kigengele, na kuandika kila mmoja anaishi wapi na bibi alimwona lini mara ya mwisho. Swali hilo la mwisho lina uzito. Bibi akisema, "Huyu nilimwona nikiwa msichana, tangu hapo sijamwona," mtoto ataelewa kwa nini parke ipo, wala hutahitaji kumhubiria.

Wale wanaokwenda kusini kwa treni, upande wa Lubumbashi, nao wasilale njia nzima. Reli inapita Bukama, na jirani yake iko Parke ya Upemba, iliyoundwa mwaka 1939. Daftari lina kazi huko vilevile.

Na mama ambaye mwaka huu hakuna pesa ya kusafiri asihuzunike. Jumapili moja vuka naye Alunguli, mkae chini ya mti, mle mihogo na karanga, umwambie habari ya bonobo wa ng'ambo moja na gorila wa ng'ambo ya pili. Mtoto wa Ulaya anatembea mwezi mzima kutafuta kitu kama hicho.

Shule zikifunguliwa mwezi wa tisa, tuletee madaftari ya watoto kwenye mkutano wa kwanza wa kikundi. Tutasoma majina hayo kwa sauti, lugha kwa lugha, na yatakayokuwa na maelezo mazuri tutayachapisha katika kona hii. Safari njema, wamama. Mwende salama, mrudi wote mliotoka.