Klima inayokuja na kwenda
Wamama, mwezi wa 10 joto ni kali, na vumbi ya njia ya Lubumbashi inatulazimisha kufunga vioo, watoto wakitoka jasho. Klima ya motokari ya zamani ikileta baridi kisha ikaacha, musikimbilie kulipa gazi. Gazi haiishi kama mafuta: ikipunguka, kuna mahali inavuja, fundi apatafute kwanza.

Angalieni inaacha wakati gani. Mukisimama tu, na mukitembea baridi inarudi? Muchunguze vantilatere, na vumbi kwenye radiatere ya klima. Upepo unapunguka polepole, kisha unarudi mukiizima kidogo? Ndani kuna barafu. Motere ikipata moto, kompresere haishiki tena? Fundi apime umeme wake.

Mumwambie hayo mbele ya kutoa feza.